Yule Mtoto Asiyeshtuka

Shimanzi, Jumapili jioni

Mwanangu Wakesho,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hawatakuachia mapema. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Mambo hayo unayajua kunishinda, na koti la baridi nimeliweka juu kabisa ya begi ili usiseme hukuliona. Nina neno moja tu, na nimelizunguka kwa zaidi ya miaka kumi. Linahusu Kito.

Gari la lile shamba unakokwenda kufanya kazi litafika kesho saa moja asubuhi. Umepanga kutia watoto wawili wa jike letu Nyota katika kikapu, Kito na dada yake Doa, uende nao huko karibu na Voi uanze kuzalisha mbwa wako mwenyewe. Nitaifunga barua hii kwenye mkono wa kikapu. Isome kabla hujakiinua.

Nianze na Jumatano iliyopita, tulipobishana uani. Watoto wote saba walikuwa wametimiza wiki saba siku hiyo. Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu na bomba, Kito amelala juu ya mguu wako, uso wake mweupe ameuelekeza juani. Likapita lori la makontena nje ya ukuta, likapiga ile honi inayotikisa mabati yetu. Wenzake sita wakakimbilia chini ya benchi, wakapandana. Kito hakufungua hata jicho.

"Umeona?" ukaniambia. "Mama, umeona? Huyu ndiye."

"Nimeona."

"Mbona basi umekunja uso kama umemeza mwarobaini?"

"Na Doa je?"

"Doa nitamchukua kwa ajili yako. Lakini yule anabwekea hata kivuli chake. Akiona kuku, watu watamsikia mpaka Taveta."

"Anabweka, halafu anarudi kutazama ni nini."

"Mama, kule kuna chui. Chui hamngojei mtu arudi kutazama."

Ukacheka, nami nikacheka, kwa sababu ulilisema vizuri. Nikaingia ndani kupika. Ugali uliungua siku ile, ukaniuliza mawazo yangu yako wapi. Nilikujibu kwamba nakuwazia safari. Ilikuwa nusu ya ukweli, na ningependa leo nikupe ile nusu nyingine.

Baba yako alikuwa mlinzi wa maghala, unajua. Hukupata muda mrefu naye, kwa hiyo mengi aliyokuwa nayo umeyapata kwangu, na mimi sikukupa yote. Alinifundisha kuchagua mbwa kabla hajanifundisha kuwafuga. Watoto wakifika wiki ya saba alimweka kila mmoja peke yake katika stoo tupu, akasimama nyuma yake, akaangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji. Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani anamtafuta asiyeshtuka. Kila mtu hapa Shimanzi angedhani hivyo. Maisha yetu ni honi na breki na makontena yanayotuliwa kwa kishindo, na mbwa anayeruka kila lori likipita hana kazi hapa.

"La," aliniambia. "Mimi namtaka anayeshtuka, akageuka, kisha akarudi kuunusa mfuniko. Huyo amesikia na amekuja."

"Na asiyeshtuka kabisa?"

"Huyo mtazame mara ya pili."

Mimi sikuuliza mara ya pili natazama nini. Mchuzi ulikuwa jikoni, wewe ulikuwa mgongoni mwangu unalia, nikaenda zangu. Nilidhani muda wa kuuliza upo. Alipofariki, nikabaki na ua, majike mawili na ule mfuniko.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Esmail. Unamkumbuka kwa peremende zake. Nyumba yake ni ile ya ghorofa kule Kibokoni yenye mlango wa kijani, na ghala lake la mchele na viungo lilikuwa hapa hapa, ukuta wa tatu kutoka kwetu. Alikuja siku moja baada ya sala ya adhuhuri, akasimama kizingitini, amekusanya kanzu yake kwa mkono mmoja ili mbwa wasiiguse, akasalimia mpaka salamu zikaisha, kisha akasema:

"Mama Wakesho, mimi nataka mbwa mmoja. Lakini lori ikipiga honi, yeye haruki. Yule wa kwanza aliruka, akakata mnyororo, mpaka leo sijui iko wapi."

"Mbwa anayeshtuka si mbaya, Bwana."

"Kwako si mbaya. Kwangu nikinunua ya kushtuka, si afadhali ninunue kuku?"

Wafanyakazi waliokuwa nyuma yake walicheka. Mimi nilicheka nao, ingawa nilikuwa mjane wa miezi minne na nilihitaji sana ghala lake, kwa sababu nilijua akiridhika yeye wataniamini wote wa mtaa huu. Wakati ule katika uzao wa jike letu kulikuwa na dume mmoja mwenye kichwa cheupe kama aliyezamishwa katika unga. Nilimwita Bosi. Nilimweka stooni mbele ya Bwana Esmail, nikauangusha mfuniko. Hakugeuka. Nikauangusha tena, karibu zaidi. Alikuwa analamba mguu wake, akaendelea kulamba.

"Mashallah," akasema Bwana Esmail, akapiga kofi moja la furaha. "Hii haina hofu kabisa."

Nami nikasema, "Nilikuwekea wewe."

Wakesho, hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Nilikuwa nimekwisha kumtazama mara ya pili. Hakuna aliyenifundisha, nilikutana nayo tu. Wiki moja kabla ya siku ile nilikuwa nikifagia uani na Bosi amelala njiani. Nikamwita. Nikapiga makofi juu ya kichwa chake. Nikamsukuma kwa ufagio, na hapo akaruka kutoka usingizini akaushika kwa meno, akaning'inia. Nilipiga kelele, hakuachia. Wenzake nao alikuwa akiwauma namna ile ile. Mtoto wa mbwa hujifunza kuachia kwa kusikia mwenzake analia. Analia huyu, anaachia yule, na ndivyo wanavyojua kiasi cha meno yao. Bosi wenzake walilia mpaka sauti zikakauka na yeye akiendelea kuuma. Mimi nikajiambia ana taya nzuri. Nilijua kitu pale na ufagio mkononi. Nilikijua, nikakifagia pamoja na majani.

Nikampeleka ghalani. Kwa miaka miwili kila mtu alimsifu. Madereva walimpigia honi makusudi, wakashindana nani atamwamsha. Kulikuwa na makuli waliompa jina la Waziri, kwa vile alilala huku watu wakipiga kelele. Hakubweka sana. Watu walisema mbwa mwenye hekima habweki ovyo. Nilipata maghala mengine manne kwa sifa zake, na nikamzalisha kwa majike yangu yote mawili.

Sasa nikuambie habari za Kombo, ile habari yenyewe, na uisahau ile uliyoambiwa ukiwa na miaka tisa.

Unamjua Kombo wa Kibokoni kwa viazi vya karai. Kila Ijumaa ukitoka shule alikuwa akikupa kiazi kimoja cha bure, na mkewe akimwambia, "Utatufilisi kwa mtoto wa mama mbwa," naye akijibu, "Mwache ale, huyu ni mgeni wangu." Umemwona siku zote akifunga viazi katika gazeti kwa mkono wa kushoto, wa kulia amekaa nao mapajani chini ya shuka. Wewe uliambiwa kwamba Kombo aliingia ghalani kisirisiri siku ya mapumziko, akamchokoza mbwa kwa fimbo, mbwa akamuuma. Mtaa wote uliambiwa hivyo. Nilisema mimi.

Kombo alikuwa kuli wa Bwana Esmail kwa miaka mingi. Jumapili ile alikuwa amesahau simu yake juu ya magunia. Alikuja mchana kweupe, akamwomba mlinzi wa getini amfungulie, na mlinzi akamfungulia kwa vile walikuwa wanajuana. Hakuwa na fimbo. Bosi alikuwa huru ndani, amelala kwenye kivuli kati ya magunia, mgongo wake kwenye njia. Mbwa mwingine yeyote angesikia komeo la geti, angebweka, na Kombo angesimama hapo hapo mlangoni aitiwe mwenyewe wa mbwa. Bosi hakusikia geti, wala viatu, wala Kombo akimwita jina lake. Kombo akainama kuchukua simu na goti lake likamgusa mgongoni yule mbwa aliyelala.

Mlinzi alinieleza baadaye kwamba alipiga kelele "Acha! Acha!" mpaka koo likamuuma. Kombo naye alikuwa akiita, "Bosi, ni mimi! Ni mimi, Bosi!" Nilifika mbio kutoka hapa nyumbani. Nilimkuta yule mbwa ameshika mkono juu ya kifundo, ametulia, macho yamemtazama Kombo bila chuki yoyote. Hilo ndilo linalonirudia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika kitu na hakuna aliyemwambia aachie, kwa namna ambayo angeweza kuijua. Nilimshika kwa miguu ya nyuma, nikambana pua, akaachia.

Daktari wa mifugo alikuja kumdunga ile sindano ya mwisho. Alikuwa kijana, mpole, hakuharakisha. Alimshika Bosi kichwa, akapapasa ule weupe wote mpaka kwenye masikio, akaniuliza:

"Mama, huyu mbwa alikuwa anasikia?"

Wakesho, nilikuwa na muda wa kujibu. Mlinzi alikuwa amesimama pale, Bwana Esmail amesimama mbali amekusanya kanzu, na kila mmoja ananitazama.

"Alikuwa anasikia vizuri," nikasema.

"Kwa sababu hawa wenye nyuso nyeupe, wengine huzaliwa viziwi. Na huwa inakwenda katika damu. Kama ana watoto, wachunguze."

"Alikuwa anasikia," nikasema tena. "Makuli walikuwa wakimchokoza. Na yule aliyeumwa alikuwa na fimbo."

Fimbo ile niliizua pale pale, na mlinzi, kwa kuogopa kibarua chake maana ndiye aliyefungua geti, akaitikia kwa kichwa. Ikawa ipo tangu hapo. Bwana Esmail alimpa Kombo chakula cha mwezi wa Ramadhani na pole nyingi, lakini kazini hakumrudisha. Kuli hana kazi bila mkono wa kulia, na kuli aliyechokoza mbwa wa tajiri hana wa kumtetea.

Kombo mwenyewe hakunilaumu hata siku moja. Nilipokwenda kumtazama alikuwa ameketi barazani kwake, mkono umefungwa, na kabla sijasema pole akasema yeye, "Pole, mama Wakesho, kwa mbwa wako." Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Nalimwita jina lake. Yule mbwa yuwanijua. Nalimwita, nalimwita, na yuwanitazama tu machoni. Huenda nina kosa nalimkosea, silijui." Mwanangu, mtu huyo ameishi miaka yote hii akidhani kuna kitu alimfanyia mbwa. Na mimi ninayejua jibu nimekuwa nikinunua viazi kwake, nikisema ongeza ukwaju.

Ungedhani niliacha kuzalisha. Bosi alikuwa amekwisha kuacha watoto katika majike yote mawili. Niliwachunguza, ndiyo, kwa siri, nikikuficha hata wewe, na wengi walikuwa wanasikia. Nikajiambia: wengi wanasikia. Nikamweka binti yake mmoja kwa kuwa alikuwa na masikio mazuri na tabia nzuri, na huyo ndiye mama yake Nyota. Nilikuwa na wewe wa kusomesha. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema kwa sababu nawe utakuwa na mambo ya kulipia siku moja, na utajisikia unasema maneno kama hayo, na ningependa sauti yangu ikujie hapo.

Katika uzao wa kwanza wa Nyota, wewe uko kidato cha pili, kulikuwa na wawili wenye nyuso nyeupe uliowapenda sana. Uliporudi kutoka shuleni nilikuambia walikufa kwa kuhara. Ulilia siku mbili, ukawachimbia kaburi dogo la uongo pale kwenye mpapai, ukaweka maua. Hawakufa kwa kuhara. Sikuweza kuwaua na sikutaka kuonekana nao, kwa hiyo niliwapeleka Liwatoni, pale samaki wanaposafishwa, ambako mbwa huishi kwa matumbo ya samaki. Nilidhani nimewafanyia wema. Mwezi uliofuata nilipita pale. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniambia yule mdogo alipondwa na gari la barafu lililokuwa likirudi nyuma. "Gari lapiga king'ora kabisa," akasema, "nayo yakaa tu, yataka nini sijui." Yule mwingine hakujua alikokwenda. Nilinunua samaki nikarudi. Wewe ulimwagilia yale maua jioni ile.

Sasa leo. Saa tisa mchana, ulipokuwa bafuni, nilimpeleka Kito stooni. Nilikuwa nimeahirisha tangu Jumatano, kila siku nikipata sababu. Nilingoja alale. Nikasimama nyuma yake mahali ambapo hawezi kuona kivuli changu, nikauangusha mfuniko, ule ule. Nyota akabweka nje. Watoto wengine wakalia. Mbwa wa jirani akaanza, na wa ng'ambo ya barabara akamjibu. Wewe ukaita kutoka bafuni, "Mama! Nini hicho?"

Kito alikuwa amelala. Tumbo lake lilikuwa likipanda na kushuka.

"Si kitu," nikakujibu. "Mfuniko umeniponyoka."

Nimesema hivyo leo, Wakesho, na nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Nilidhani uongo ule ni wa zamani, ni wa mjane kijana aliyetishika. Kumbe bado uko mdomoni, hauhitaji hata kuitwa. Nilikaa chini stooni, nikaweka kidole mdomoni mwake alipoamka, akauma kama wanavyouma wote wakicheza. Nililia kama mtoto mwenzake. Nililia kwa sauti kubwa. Akaendelea, macho yake mazuri yananitazama, na mkia unatikisika.

Ndipo nikaanza kuiona kesho yako. Uliniambia mwenyewe, ulipokwenda kutazama shamba, kwamba nyumba za wafanyakazi ziko upande huu wa zizi na shule iko upande wa pili, na watoto hukatiza uani asubuhi, wadogo wanashikwa mikono na wakubwa. Ulinisimulia kwa furaha. Ulisema mmoja alikuuliza kama mbwa wako watakuwa wakali na wewe ukamwambia, "Wakali kwa chui tu." Kito atakua. Atakuwa mkubwa kuliko Bosi, mifupa yake inaonyesha. Atalala kwenye kivuli mahali fulani katika njia ile. Watamzoea, watamwita jina lake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kukueleza tu, kisha nikuachie uchague. Nilitaka hivyo kwa sababu wewe si mtoto tena, na umechagua vizuri kuliko mimi mara nyingi. Lakini nimefika hapa kwenye karatasi ya nne na nimeona kwamba huko nako ni kujificha. Ningekuachia wewe mzigo niliokataa kuubeba mimi, na kama ungempenda mno ukamchukua, ningesema moyoni nilimwambia. Kwa hiyo nimemtoa. Katika kikapu utawakuta Doa na yule kaka yake mweusi mwenye kucha nyeupe. Wote wawili nimewaangushia mfuniko. Wameshtuka, wamegeuka, wamekuja kuunusa. Doa aliubwekea mpaka nikamwambia imetosha.

Kito atabaki na mimi. Hatakwenda Liwatoni, na hakuna sindano. Nimeanza kumfundisha kwa mkono: kiganja wazi ni njoo, ngumi ni acha, na kabla ya kumgusa nikanyage chini kwa mguu ili ahisi mtikiso. Amejifunza njoo kwa nusu saa tu, kwa vipande vya maini. Kuna akili nyingi katika kichwa kile. Hatalinda mahali, na mtu mwingine hatampata. Atakuwa ndani ya ukuta huu, na jicho langu liko juu yake. Nadhani inawezekana. Sina hakika, lakini nadhani.

Kuna jambo jingine, na najua ndilo litakalokuuma zaidi. Doa anasikia, na mweusi anasikia, lakini damu yao ni ile ile. Usiwazalishe. Waweke wafanye kazi, wapende, wazeeke. Najua ulikuwa na daftari lenye majina ya watoto wa Kito na wa Doa ambao hawajazaliwa, umewaandika kwa wino wa rangi mbili. Nililiona. Kwa hiyo ninakupeleka Voi bila kile ulichokuwa unakwenda kukianzisha, na nimekufanyia hivyo siku ya mwisho kabisa, wakati ningeweza kukuambia miaka mitano iliyopita ukatafuta damu nyingine. Kasirika. Una haki. Ukitaka kunipita asubuhi bila kunikumbatia, nitafungua geti nikupungie. Mimi mwenyewe sitamzalisha Nyota tena. Kesho kutwa nitawaita wenye maghala yenye watoto wake, mmoja mmoja, niwaambie wawachunguze. Wengine hawatarudi kwangu. Nimelihesabu hilo.

Ninachokutakia huko si kwamba usikosee. Utakosea kuchagua, kwa sababu mtoto wa wiki saba hamalizi kuonyesha alivyo. Utampa mtu mbwa atakayekuwa mwoga, utamwacha aliyekuwa bora. Makosa ya namna hiyo yanasahihishika. Unampigia mtu simu, unasema nilikosea, nirudishie. Mimi sikukosea kumchagua Bosi. Nilimwona jinsi alivyo, nikamtoa. Ukijikuta siku moja umesimama na ufagio mkononi, na umejua jambo, na hakuna mwingine aliyeona, ogopa hapo. Mimi nilikuwa na nafasi ya kama dakika moja. Baada ya dakika ile ilikuwa imekwisha kuwa vigumu, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi.

Nasikia sauti zenu barabarani, mnaimba mkirudi. Unachukua sauti ya pili kama baba yako.

Gari likishaondoka nitafunga ua, nitavaa lile gauni la kanisani, nitakwenda kwa miguu mpaka Kibokoni. Nitamkuta Kombo barazani anamenya viazi na mkewe. Nataka kumwambia mbele ya mkewe, na mbele ya majirani wakiwepo, kwamba hapakuwa na fimbo, na kwamba hakumkosea yule mbwa, kwamba alimwita jina lake na mbwa hakulisikia. Sijui atanijibu nini. Huenda atanifukuza, na barazani pale wote watajua kwa nini. Kutoka pale nitapanda kwa Bwana Esmail, ambaye sasa ni mzee haoni vizuri, nimwambie na yeye.

Lakini nimekuonyesha mimi ni mtu wa namna gani. Saa tisa leo nilikuwa na nia njema pia. Kwa hiyo nakuomba msaada mmoja, wewe unayenijua. Kesho jioni ukifika ukanipigia simu, usianze kuniuliza Kito amekula nini. Niulize kwanza kama nilikwenda Kibokoni, na usikate simu mpaka nikujibu.

Mama yako